Blanketi la Baba

Bibi yangu alivuta ugoro, akipiga chafya mpaka kuku wanakimbia. Ugoro wake aliufunga kwenye pindo la blanketi, na ndiyo maana nimemkumbuka, maana leo nimeanua blanketi langu likiwa bado bichi, likanuka mbuzi.

Harufu hiyo ikanirudisha kiangazi kimoja ambapo, kwetu upande mkavu wa Meru, mvua ya baridi ilinyesha bila kukatika. Mbuzi, waliokuwa wamekonda kwa ukame, wakawa wanakufa kwa baridi. Tukawafunika mablanketi yetu, wakaendelea kufa.

Kwetu mvua haikemewi, hata ikizidi unashukuru. Baba akasimama mlangoni akapiga kelele, "Basi! Inatosha!"

"Baba watoto, nyamaza!" mama akasema. "Kesho utaiomba kwa mdomo gani?"

Baba alimfunika mbuzi wa mwisho aliyebaki hai kwa blanketi lake, akaelekea barabarani akilowa, na hakurudi tena.