Gladiola Zilizoamshwa na Moshi

Dada yangu alipochumbiwa na kijana wa Sibwesa, aliniomba kitu kimoja: siku ya ndoa ashike maua mabichi. Miaka ile ya sabini mabibi harusi wa kwetu Ilembo walishika maua ya karatasi yaliyofungwa kwa waya. Yaliazimwa ndoa hii hadi ile mpaka yakapauka.

"Mimi nataka yenye maji ndani," dada aliniambia. "Hata likiwa moja."

Nikamwambia atapata. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kazi sina, lakini kichwani nilikuwa na bustani kubwa kuliko mji mzima wa Mpanda.

Sista aliyepamba altare ya misheni alinipa kikapu cha mbegu za gladiola. Si mbegu za punje. Ni viazi vidogo, bapa, vyenye ganda kavu, na kila kimoja hutoa bua refu lenye maua mengi. Alikuwa amevichimbua karibuni. Alinionya kwamba vikitoka ardhini hulala usingizi, pengine miezi, na yeye hajui namna ya kuviamsha. Ndoa ilipangwa baada ya mavuno. Vikilala sana, dada angerudi kwenye karatasi. Vichache nikavipanda uani siku ileile, vingine nikaviacha kikapuni, nikawa navichungulia kila asubuhi kama mtu aliyelaza kuku juu ya mayai. Kimya.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa fundi wa kuivisha ndizi za pombe. Shimo lake lilikuwa nyuma ya jiko. Alilitandika majani ya mgomba, akapanga ndizi, akafukia udongo, halafu akawasha moto kwenye kitundu cha pembeni ili moshi uingie chini. Likishafukiwa halifunguliwi. Hata baba hakuligusa.

Siku moja nikarudi kutoka kisimani, nikakuta kikapu hakipo.

"Shangazi, hujaona viazi vyangu?"

"Yale matunda ya Sista? Nimeyatia shimoni na ndizi."

"Sio matunda, shangazi."

"Nimeonja moja, gumu, chungu. Nikajua halijaiva. Nyie watoto mnapewa vitu hata hamuulizi vinaliwaje."

Nikashika jembe. Akasimama mbele ya shimo, mikono kiunoni.

"Ukifungua, moshi unatoka, ndizi zinagoma. Na hii ni pombe ya wakwe wa dada yako, wanaokuja kuleta mahari. Utawanywesha nini, maua?"

Dada alikuwa anatwanga, akacheka mpaka akaegemea mchi. Kisha akauona uso wangu, akaweka mchi chini.

"Basi," akasema taratibu, "hata ya karatasi si mabaya."

Hilo ndilo lililoniuma. Angenigombeza ningepata nafuu.

Shimo lilipofunguliwa, ndizi zilikuwa za njano, na harufu yake tamu ilijaa ua mzima. Viazi vyangu vilinuka kama samaki mkavu. Vilivyokaa karibu na moto vilikuwa vimeiva kweli, laini kama magimbi.

"Hivyo sasa unaweza kula," shangazi akasema.

Vilivyosalia nikavipanda jirani na vile vya kwanza, kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Vya moshini vikachomoza kwanza. Mstari mzima wa ncha za kijani, na pembeni wenzao bado wamelala. Nikamsimamisha bwana shamba aliyekuwa akipita na baiskeli. Alichuchumaa, akasikiliza habari yote, akamtazama shangazi, akacheka. Alitueleza kwamba ndizi ikiiva hutoa hewa fulani, na moshi wa majani unayo hewa hiyohiyo. Inaivisha tunda, lakini kwa mimea mingine ni kama kuigongea mlango. Kwenye mashamba makubwa ya maua, huko mbali, wanafukiza kwa makusudi, tena wana dawa nyingine za ukoo huo: za kuotesha mizizi kwenye kijiti kilichokatwa, za kufupisha bua lisianguke.

"Ila kidogo tu," akasema. "Ukizidisha unaua. Na maua ukishayakata, yaweke mbali na ndizi mbivu. Hewa iliyoyaamsha ndiyo itakayoyazeesha."

"Kama chumvi," shangazi akasema, akaenda kuangalia ugali wake.

Kwa hiyo mkesha wa ndoa, nyumba yetu ikiwa imejaa mikungu mibivu, maua ya dada yalilala kwa jirani, kwenye ndoo ya maji. Asubuhi aliingia kanisani ameshika mabua manne mekundu. Maua ya chini yalikuwa wazi, ya juu yangali vichwa vilivyofumba. Shangazi alikaa mbele kabisa, akimweleza kila aliyemgeukia jinsi alivyoyaivisha.

Siku chache baadaye nilikwenda Sibwesa kumwona dada. Nilikuta mabua yake ndani ya birika, dirishani. Aliniambia siku za kwanza aliamka akiwa na hamu ya nyumbani, lakini kila asubuhi alikuta ua jingine limefunguka juu ya lile la jana, akamwita mama mkwe waliangalie pamoja, na hapo mazungumzo yakaanza.

Yote yalikuwa yamenyauka isipokuwa moja, kule nchani, dogo, wekundu wake umefifia. Alikuwa hajatupa hata bua moja. Alitaka niyaone kwanza.