Daftari la Katekista wa Songambele

Mwishoni mwa miaka ya themanini, maktaba yetu ya Bukoba ilinituma Karagwe kupiga picha za vitabu vya zamani vya ubatizo, ili majina yahifadhiwe kwenye filamu. Safari ilikuwa imeahirishwa mara tatu: mafuta hakuna, kamera imepelekwa kwingine, mkuu wa mradi amesahau kusaini. Niliondoka na filamu mbili, siku nne, na ratiba ya mtu asiyewahi kukanyaga tope la huko.

Jumatatu hiyo jioni ndipo nilipofika Kanoni, kituo cha kwanza. Ratiba ilinipa dakika kumi za kusalimiana. Dakika kumi! Mwenyeji alinipa akamwani, ile kahawa ya kutafuna, akaniuliza habari za ukoo mzima, na ndizi zilikuwa bado hazijamenywa. Kesho yake jenereta ikagoma hadi mchana. Filamu moja ikaishia hapo.

Jumatano, Songambele. Katekista Leopodi, mzee mwembamba, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tumekungoja sana."

Akaweka mezani daftari jipya la dukani.

"Naomba kitabu kile cha zamani."

"Kile mchwa wamekimaliza."

Nilikasirika, sifichi. Kanuni ilikataza kupiga picha nakala. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakukitunza.

"Barua yenu ilisema kitolewe kabatini, kifungwe sandukuni, kingoje gari. Sanduku likakaa hapo sakafuni misimu miwili ya mvua. Nilipolifungua, nikanakili kilichobaki. Palipoliwa, nilipita nyumba kwa nyumba nikiwauliza wazazi."

Hasira ilinibaki, ila sasa sikuwa na wa kumtupia. Niliwasha jenereta, nikapiga picha daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Karibu na mwisho nikaona jina lake, na mbele yake patupu.

"Hapa umesahau tarehe, mwalimu."

"Sikusahau. Mama alishafariki, hakuna wa kuniambia. Barua yenu ilipofika, ukurasa huo ulikuwa mzima."

Ijumaa nilirudi Bukoba. Mkuu alitaka maelezo ya maandishi: kwa nini nimepiga picha nakala, na kwa nini nimechelewa siku moja. Nilimwandikia yote, hata habari za sanduku. Alisoma tu mstari wa kuchelewa siku moja, akasaini.

Tangu hapo, nikiambiwa safari imeahirishwa, sibishani tena juu ya mafuta. Nauliza kitabu kiko wapi, na kimewekwa juu ya nini.