Siku za Kupepeta Picha

Mtaani walimwita Baba Kamera, kana kwamba kamera ndiyo kifungua mimba wake, na mwenyewe hakuchukia. Aliyechukia ni mkewe, maana jina hilo lilimfanya na yeye aitwe Mama Kamera. Akiitwa hivyo dukani alikuwa anajibu, "Mimi nimezaa watu wawili, tena wana miguu," na watu wanavunjika mbavu.

Mume alikuwa fundi wa kuchonga vioo vya miwani. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha duka: taa yenye shingo ndefu, mashine ya kuchongea inayomwaga maji meupe kwenye ndoo, na kitambaa laini ambacho mtu mwingine akikigusa ni ugomvi wa siku nzima. Kioo chenye mkwaruzo hata mwembamba kama unywele hakikupelekwa mbele kwa mteja. Kilitupwa. Ukifanya kazi hiyo miaka nenda rudi, hata nje ya chumba unaanza kuudhika na kila kisichoonekana sawasawa, na fundi huyu aliudhika kupita kiasi.

Alipotaka kununua kamera ya nyumbani, wauza duka walikiona cha mtema kuni. Aliingia, akaiomba, akatoka nayo mpaka mlangoni, akaielekeza kwenye kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, akapiga, kisha akaikuza picha mpaka herufi moja ijae kwenye kioo. Ukingo wa herufi ukiwa na ukungu, alirudisha kamera mezani na kushukuru kwa adabu zote. Kesho yake alirudi kujaribu nyingine. Kuna muuzaji mmoja ambaye akimwona anavuka barabara alikuwa anainama chini ya meza, akijifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

Mkewe alikuwa na maoni yake. "Mimi nataka kitu cha kunitoka mfukoni haraka," alimwambia, "kabla mtoto hajamaliza kucheka."

"Haraka ndiyo inayoharibu picha, mama watoto."

"Basi wewe chukua lako kubwa. Mimi nitabaki na simu yangu."

Fundi alichukua lake kubwa, na kwa kweli lilikuwa chombo. Lilionyesha nyuzi za shati na vinyweleo vya mkononi. Mtoto wa kwanza, wa kiume, alikuwa mtulivu, ukimwambia simama anasimama mpaka umsahau. Huyo alipigwa mpaka akachoka. Shida ilikuwa kwa mdogo wake, binti ambaye mama yake alimpa jina la Cherehani kwa sababu mguu wake haukutulia chini ya meza hata akiwa anakula. Kumpiga picha Cherehani ilikuwa kama kumpiga kuku picha. Ukimlenga ameshahama. Ukimwambia tulia, anabana pumzi na kutoa macho, anafanana na mtu anayesubiri sindano.

"Usitikisike," baba yake alimwambia kila mara.

"Sitikisiki, baba. Ni mwili tu."

Na baba, badala ya kucheka, alipiga tena.

Halafu palikuwa na kupepeta. Jina hilo alilitunga mwenyewe. Siku za mapumziko, chakula kikishatoka mezani, fundi alifuta meza, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akaweka kamera mbele yake na kuanza kupitia picha moja baada ya nyingine. Iliyo safi ilibaki. Iliyotikisika, iliyopinda, iliyokatwa mtu sikio, ilifutwa pale pale. "Pumba zitoke," alisema, na kidole kikabonyeza. Familia nzima ilizoea. Kaka mtu alisimama nyuma ya kiti cha baba yake na kujiona jinsi anavyoendelea kuwepo. Cherehani alikuja mara moja, akajiona anafutwa mara nyingi mfululizo, akasema, "Mimi ni pumba," kisha akakimbilia nje kucheza. Aliyasema hayo akicheka. Mama yake, aliyekuwa akikosha vyombo, hakucheka.

"Si umwachie hata moja mbovu?" alisema.

"Nimwachie ya nini? Atakua, atatulia, nitampiga nzuri."

Naomba mniwie radhi, lakini hapa mimi namkasirikia. Mtu anayeona mkwaruzo ambao macho ya wenzake hayauoni, anashindwaje kuona jambo kubwa kama hilo, lililokuwa likirukaruka mbele yake?

Simu ya mkewe ikaja kujaa. Ikawa nzito, ikawa inagoma hata kupokea mtu. Mke akaiacha mezani akaenda kusuka nywele kwa jirani, na fundi kwa roho nzuri kabisa akaona amsaidie. Akakuta humo takataka tupu kwa macho yake: picha za jikoni, za mlangoni, za ndoo ya nguo, nyingi zina ukungu, nyingi zimepinda. Akazipepeta. Mke aliporudi akakuta simu nyepesi, akamshukuru. Hakuuliza imekuwaje, na hakufungua mahali pa picha, kwa kuwa Cherehani aliyekuwamo humo alikuwa hapo mlangoni anamvuta kanga akitaka kutumwa dukani.

Hata wiki haijaisha, kabla mama hajapiga nyingine, Cherehani akashikwa na homa. Ilianza kama homa nyingine yoyote, shingo ikakakamaa, wakamkimbiza hospitali, na hawakurudi naye.

Walipotaka picha ya kuweka mbele ya watu siku ya maziko, fundi aliipata haraka. Aliitoa na fahari kidogo, mnisamehe kwa kusema kweli, kwa kuwa ndiyo picha bora aliyowahi kumpiga mtoto yule. Kope zilihesabika. Mtoto amelala kwenye kochi, shavu kwenye mto, ametulia kabisa.

Mkewe aliitazama, akaigeuza kifudifudi.

"Sura hiyo nimeiona leo asubuhi," alisema. "Niletee mwanangu."

Simu ya mama ilikuwa imeisha chaji tangu hospitali, na nyingine iliyokuwapo ilikuwa ya shule, ile ya kubana pumzi. Wakaweka hiyo. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti kama marehemu alikuwa mkali.

Baada ya watu kutawanyika, mama alifungua simu yake, na ndipo alipokuta picha za mtoto hazimo. Alidhani simu imezimeza. Akavaa viatu kwenda kwa fundi simu pale kona, na mumewe akamfuata. Angeweza kumwambia njiani. Alifungua mdomo mara kadhaa na kilichotoka ni habari za mashimo ya barabarani. Moyoni alikuwa ameshikilia tumaini moja, kwamba yule fundi atazirudisha, na zikirudi hakutakuwa na haja ya kusema.

Fundi simu alichomeka waya, akangoja, akatikisa kichwa. "Haziwezi kurudi, mama. Simu imeshaandika vitu vingine juu yake."

"Simu yangu ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Zilifutwa na mtu, tena kwa kuchagua. Ona, picha ya mita ya umeme imeachwa." Akamwangalia kwa huruma. "Nani mwingine huwa anaishika simu hii?"

Mama alichukua simu yake, akashukuru, akatoka. Mumewe alikuja nyuma na hakuzungumzia mashimo tena.

Nyumbani mke aliketi kwenye ukingo wa kitanda, viatu bado miguuni. Fundi alisubiri matusi. Alikuwa amejikaza kwa matusi, na angeyapokea yote.

"Ulizitazama kabla ya kuzifuta?" mkewe aliuliza.

"Nilizitazama. Moja moja."

"Basi niambie zilikuwa na nini. Mimi nilikuwa napiga tu, nikijua nitakuja kuziangalia. Wewe ndiye wa mwisho kuziona."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake. Alikuwa anaomba kama mtu anavyoomba maji, na fundi akataka kumpa kuliko alivyowahi kutaka kumpa kitu chochote tangu wafahamiane. Akafumba macho.

"Moja ilikuwa ya jikoni," alisema.

"Enhe."

"Dirisha lilikuwa nyuma. Mwanga ukaingia kwenye lenzi, ukala nusu ya picha."

"Na mtoto? Alikuwa amekaa, amesimama? Alikuwa anacheka?"

Fundi alitafuta. Mwanga aliuona vizuri, hata pembe uliyoingilia aliiona.

"Ilikuwa imetikisika," alisema.

"Najua ilitikisika. Nakuuliza yeye."

"Nyingine ya mlangoni. Kidole chako kiliingia pembeni, upande wa kushoto."

Mkewe aliutazama mkono wake mwenyewe, kisha akamrudishia macho na kungoja. Fundi akaendelea. Akaeleza ile iliyopinda, akaeleza ile yenye kivuli, ile ya giza, ile iliyopigwa karibu mno. Alizikumbuka nyingi kuliko alivyodhani, na kila kasoro aliikumbuka mahali pake. Mkewe alimsikiliza mpaka akamaliza, na mtoto hakuwamo.