Ncha ya Pili ya Utepe

Mwaka 1956 karatasi za vipimo vya magari zilikuja Uvira na digrii zake, lakini Ndihokubwayo, fundi wa magari wa mtaa wa Kasenga, alikuwa na utepe wa kupimia tu. Magurudumu ya mbele yaelekeane kwa nusu digrii, yakaribiane kidogo zaidi upande wa mbele kuliko wa nyuma? Haya! Kwa rimu kubwa ya lori, hiyo ni tofauti ya milimita nne na nusu; kwa gari dogo, tatu na nusu. Hesabu haikumshinda.

Kilichomshinda ni ncha ya pili ya utepe. Miaka tisa mkewe, Bernardine, ndiye aliyeishika. Tangu amzike, huifunga kwa waya kwenye rimu.

Leo amepima lori la mpunga la Luberizi, rimu hadi rimu, upande wa mbele wa magurudumu, kisha upande wa nyuma. Tofauti ni nne na nusu barabara. Akafurahi, akaita: "Bernardine, achilia!"

Waya haukuachilia.