Wagonjwa Waliokuja na Suti

Wagonjwa wetu walikuja wamevaa suti. Wauguzi vijana nikiwasimulia hivyo hucheka, wakidhani nawatania, lakini ndivyo ilivyokuwa miaka ya tisini, mimi nikiwa muuguzi katika wodi ndogo ya mahututi upande wa Nyeri. Mtu ameshinda shambani na pampu mgongoni akinyunyizia kahawa dawa ya wadudu, upepo umegeuka ukamrudishia dawa kifuani, naye ameanguka kati ya mistari ya mikahawa, mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Watu wa nyumbani wanamwinua, wanamnywesha maziwa, halafu, kabla hata ya kutafuta gari, wanamvalisha. Suruali ya Jumapili juu ya ile ya shamba, shati jeupe, koti, na kofia nayo ikitafutwa mpaka ipatikane. Mtu mzima haendi mjini na matope ya shamba, hata kama anakwenda kufa.

Wala hakuna aliyelishangaa jambo hilo, kwa sababu sote tulilelewa hivyo. Mimi mwenyewe nilipokuwa msichana mdogo na homa ikanishika, mama hakunipeleka zahanati mpaka anivishe gauni la kanisani na soksi nyeupe. Nakumbuka nikitetemeka kitandani huku yeye akiitafuta soksi ya pili chini ya masanduku, akinigombeza kana kwamba homa ndiyo iliyoificha. Siku hizi nikiikumbuka soksi ile hucheka peke yangu.

Basi hata sisi wauguzi tulizipokea suti zile kwa adabu. Tulifungua vifungo vya shati ili daktari asikilize kifua, tukalivua koti taratibu, tukalikunja na kuliweka chini ya mto wa mwenyewe. Nguo za shamba zilizobaki ndani hatukuzigusa, maana mzee ni mzee hata akiwa hajitambui. Mwezi wa Julai, ukungu ukishuka na baridi ya mlima ikiingia kwenye mifupa, lile koti tulilitandaza juu ya blanketi.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Skuta, na kila asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu, mikono kwapani. Wodi yenyewe ilikuwa na vitanda vichache na mashine moja ya kupumulia, kuukuu, iliyokohoa kuliko wagonjwa. Tuliiita Babu. Juu ya sinki kulikuwa na dirisha, na siku mlima ulipojifunua, kila aliyekwenda kunawa mikono alichelewa kurudi. Mwenzangu wa zamu alikuwa muuguzi kutoka upande wa Meru, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa, aliyekuja kila mara na nduma zilizochemshwa na chai ndani ya chupa. Nimefanya kazi katika hospitali kubwa tangu wakati huo, zenye mashine zinazonong'ona. Sijapata tena chai kama ile, wala kicheko kama kile.

Daktari wetu alikuwa mtu wa hapo hapo, mtoto wa mkulima wa kahawa, aliyerudi kutoka masomoni na swali moja kichwani. Wagonjwa wa sumu ya shamba tuliwadunga atropini, dawa inayokausha mate na maji ya mapafuni, nao wakakauka vizuri, mboni zikafunguka, jamaa wakaanza kumshukuru Mungu. Kisha wengine wao, bila sababu yoyote tuliyoiona, walilowa upya. Kifua kikajaa, jasho likawatiririka, na tukawapoteza baada ya kuwa tumekwisha kuwapata. Daktari alitaka kujua kwa nini. Huo ndio ulikuwa utafiti wetu. Hatukuwa na kompyuta, tulikuwa na maswali tu.

Watu wetu na maswali, lakini! Mama mmoja kutoka Chaka, aliyemleta mumewe aliyekuwa akinyunyizia vitunguu, alimtazama daktari kwa huruma. "Sasa daktari, mimi nimekuletea mtu mgonjwa na wewe unaniuliza ati tulipita njia gani? Wewe tibu kwanza, hiyo story tutaongea." Hata hivyo walijibu, na majibu yote yalifanana: tulimtoa shambani, tukampa maziwa, tukamvalisha, tukakuja.

Jibu tulikuwa nalo puani. Siku zile za suti, mimi na mwenzangu machozi yalitutoka, kichwa kikauma, kifua kikabana kidogo. Tulidhani ni zile tembe nyeupe za kuzuia nondo ambazo kila nyumba iliweka sandukuni, na tukaupa ugonjwa wetu jina, mafua ya suti. Mwenzangu akamtania daktari kwamba serikali itulipe kwa kupumua nondo. Daktari hakucheka. Alilichukua koti lililokuwa chini ya mto wa mgonjwa mmoja, akalinusa upande wa ndani, akatunusisha na sisi. Harufu ya dawa ya kahawa ilikuwa imepenya kutoka nguo ya shamba mpaka kwenye kitambaa. Sisi tulikuwa tukimtibu mtu huku tumemlaza juu ya sumu yake mwenyewe na kumfunika nayo.

Tangu siku hiyo ikawa sheria: mgonjwa wa dawa ya shamba avuliwe kila kitu mlangoni, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, afungwe blanketi la hospitali, na nguo zitolewe nje. Daktari alitaka tuone kama hao nao wangelowa upya. Shida ilikuwa mlangoni. Wana walisimama mbele ya machela wakiwa wametanua mikono. "Huyu ni mzee. Hawezi tolewa nguo mbele ya watoto yake," walisema, na kwetu kweli hiyo ni laana ya kuogopwa, mtoto kuona uchi wa mzazi wake. Mwenzangu aliwajibu, "Mficha uchi hazai," nao wakamwambia mwacha mila ni mtumwa, na hapo katikati ya methali mgonjwa anazidi kulowa.

Kisha akaletwa baba yangu.

Ilikuwa asubuhi ya kazi nyingi. Kaka yangu mkubwa alimleta kutoka kwetu Mukurweini nyuma ya pikapu ya jirani, amemkumbatia. Alikuwa amevaa ile suti yake ya rangi ya kijivu, amefungwa mpaka tai, na tai yenyewe ilikuwa imelowa mate. Nilimjua kwa kofia kabla sijamjua kwa uso. Mwenzangu alikuwa akimhudumia mgonjwa mwingine aliyekuwa kwenye mashine, kwa Babu. Msaidizi wetu wa kiume alikuwa ameenda kuleta mtungi wa oksijeni. Daktari alikuwa ameshapiga magoti akitafuta mshipa. Aliinua macho akaniangalia, akasema kwa upole, "Sista, nguo."

Nikachukua mkasi. Kaka akanishika mkono.

"Huwezi. Wewe ni msichana yake."

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba. Kwa hiyo baba, tangu nikiwa mchanga, hakuwahi kuniita mtoto. Aliniita mama. Alinituma maji akiniita mama, alinichapa akiniita mama. Nikamwambia kaka, "Mimi niko na jina ya mama yake. Mtoto akijichafua, ni nani humtoa nguo?" Akanitazama, akaniachia mkono, akageuka akauelekea ukuta.

Nilikata tai. Nilikata koti, lile lile alilolivaa siku wakwe walipokuja kwetu, nikakata shati la kanisani na lile la shamba lililokuwa chini yake, lililogandamana na ngozi. Nikakata vyote. Nilimwosha baba yangu kwa kipande cha sabuni na ndoo, kila mahali, kama mtoto anavyooshwa. Niliogopa sana. Niliogopa afe, na niliogopa apone na asinitazame tena maishani. Hofu ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa.

Alikauka. Tulimtazama mchana kutwa na siku zilizofuata, na hakulowa tena. Daktari alifurahi, akasema hivi ndivyo alivyokuwa akitumaini kuona, nami nikaitikia bila kusikia. Alipopata fahamu, baba aliyatembeza macho chumba kizima, akajigusa kifua chini ya blanketi.

"Koti yangu iko wapi?"

"Tulikata, baba."

"Nani alikata?"

"Ni mimi."

Akaugeuza uso ukutani. Alirudi nyumbani bila kuniaga. Kila nilipokwenda Mukurweini mwisho wa juma, alikumbuka kwamba ng'ombe anahitaji majani. Tukiwa mezani pamoja alizungumza nami kwa kumpitia mama: "Uliza huyo sista kama ataongezwa chai." Sista! Kwenye wodi hilo ni jina la heshima. Kwa baba lilinichoma. Nililia ndani ya chumba changu cha Skuta kama mtu aliyefiwa, na aliyekuwa akililiwa mwenyewe alikuwa mzima, anapalilia kahawa.

Msimu wa kunyunyizia ulipokaribia tena, daktari aliomba nafasi ya kusema na wakulima kwenye mkutano wa fakitori ya kahawa ya kwetu. Nilimsindikiza, nikasimama pembeni karibu na mizani. Alieleza vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Mtu akianguka, vueni nguo zote hapo hapo shambani, mwosheni, mfungeni shuka, mje. Msimvalishe. Wazee walitazama viatu vyao. Mmoja akasema hayo ni mambo ya wazungu. Mwingine akauliza ni nani hapa ambaye angekubali kuvuliwa suruali na watoto. Kicheko kikapita kwenye mabenchi.

Baba akainuka kutoka benchi la mbele.

"Huyu daktari anaongea kama kitabu," akasema. "Wacha niwaonyeshe."

Akavua kofia, akaiweka kwenye benchi. Akalivua koti, koti la mitumba alilolinunua badala ya lile nililolikata, akalining'iniza mkononi. Akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, bila haraka. Wenzake waliotahiriwa naye mwaka mmoja walikuwa wameinamisha vichwa. Mmoja akamwambia imetosha.

"Haijatosha. Mimi nilitolewa yote. Kama wangeniheshimu, mngekuwa mmenizika."

Akabaki na fulana, katika baridi ile, mikono yake imekonda, vinyweleo vimesimama. Akageuka akanitafuta kwa macho kati ya watu mpaka akaniona pale kwenye mizani. Akaninyooshea lile koti.

"Mama," akasema, "kuja unishikie."

Nikapita katikati ya mabenchi, nikalishika.