Bonde la Udongo la Kang'ata

Mwaija hakuweza kutulia. Tangu bonde la udongo lizungushiwe uzio wa miiba, alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akaketi kivulini, akainuka tena kutazama njia ya kushukia huko. Alikuwa mfinyanzi wa Kang'ata, wilayani Handeni, kama mama yake na bibi yake, na wote walichimba bonde lilelile. Wateja wa Korogwe, wale wanaotaka chungu cha kupikia mlenda na mtungi wa maji, walimpigia simu kila mara. Akawajibu, "Kesho, inshallah," kisha akaizima.

Shamba lenye bonde hilo sasa lilikuwa la Isihaka, mtoto wa kaka yake. Watu wakamshauri aende kwa mtendaji wa kijiji. Akakataa; kumpeleka mtoto wa nyumbani ofisini ni kuuanika ukoo juani. Lakini kukaa kimya nako kulimshinda. Asubuhi moja aliiacha chai jikoni, akajifunga khanga, akaenda.

Isihaka alikuwa anakamua ng'ombe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umenifungia bonde."

"Sikukufungia wewe, nimefunga mashimo." Akamwonyesha ndama aliyelala kando ya zizi, mguu umefungwa gango la vijiti. "Alitumbukia huko. Mnachimba, mnaondoka, hamfukii."

Mwaija akainama kuutazama mguu wa ndama. Ni kweli hawakuwahi kufukia. Mama yake naye hakufukia, ila enzi zake hapakuwa na ng'ombe bondeni.

"Tukifukia, utatufungulia?"

"Mkifukia, chimbeni kule chini. Huku juu napanda mahindi."

Akapita nyumba kwa nyumba kuwaita wafinyanzi wenzake. Huyu mgongo unamuuma, yule ana mjukuu mgonjwa, mwingine akasema siku hizi watu wananunua sufuria. Akatoka Mwanaisha peke yake, jirani yake, na jembe lenye mpini unaocheza. Walifukia, wakapumzika, wakafukia. Jua lilipokuwa kali, Isihaka akateremka na sepetu. Akaanza kufukia upande wa pili.

Udongo wa kule chini ulinata mno. Vyungu vya kwanza vilipasuka motoni kwa mlio uliotawanya kuku.

"Mwenzangu, tukauze mboga tu," Mwanaisha alisema.

 Mwaija alikuwa ameshaviokota vigae, anaviponda kinuni ili avichanganye na udongo mwingine, usinate mno. Usiku ule alilala kidogo. Safari ya pili vingi vilitoka salama, vyekundu, vikilia vizuri ukivigonga. Akavifunga kwa majani makavu ya migomba, akavipakia kwenye basi la Korogwe, na njia nzima alikuwa akiinuka kuvishika kila basi liliporuka shimo.

Viliuzwa vyote. Wiki iliyofuata, wawili kati ya wale wenye udhuru waliteremka bondeni na majembe. Mwaija aliwasalimia harakaharaka, akawaonyesha pa kuanzia kufukia.