Mwalimu wa Kwaya Aliyepanda Kinyumenyume

Mwalimu wetu wa kwaya hajui kupumzisha mikono. Akisubiri chai anapiga mdundo mezani, na hata ukimsalimia anaitikia huku kidole kinahesabu. Jumamosi tulitembea kutoka Pasua hadi Kibosho kumkumbuka Digna, soprano wetu aliyeondoka na presha. Wafadhili waliahidi kuinunulia zahanati ya parokia mashine za kupimia presha, mradi kilima cha mwisho tukipande tunaimba, wimbo usikatike hadi kanisani. Basi yeye akakipanda kinyumenyume, uso kwetu, kola imelowa jasho. “Mwalimu, geuka uangalie njia,” nikamwambia kati ya mistari.

“Njia naijua, mama. Nyie alto ndio siwaamini.”

Karibu na geti la kanisa akatumbukia mzima mzima kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia migomba. Besi wakaanza kucheka, wimbo ukayumba, nikaona mashine zetu hizo zinakwenda. Mara mkono wake ukachomoza kwenye majani, unachuruzika maji, unatuingiza kwenye ubeti aliokuwa akiuanzisha Digna. Tukaudaka ubeti kwa nguvu zote. Hakuna aliyemnyanyua, tulimpita palepale, tukaingia getini tunaimba.